Barua kwa mwanangu: twende Katesh, tena Juni

Mwanangu,

Salamu zenu nimezipata, na shikamoo za wajukuu nimeziitikia marahaba huku huku jikoni. Sisi huku Dodoma wazima, baba yako mguu umepata nafuu.

Mpango wako wa kutupeleka wote Moshi Desemba, watoto wakaone theluji, nimeuwaza sana. Umefanya jema, baba, kufikiria kutukusanya. Ila nina ombi: twende Katesh, chini ya Mlima Hanang, na twende Juni shule zikifungwa.

Theluji ya Kilimanjaro iko juu kabisa, huko kwenye kilele cha mita 5,895. Mtoto wa darasa la pili ataitazama kwa mbali tu, tena alfajiri kabla mawingu hayajaifunika. Nayo inakwisha, barafu iliyokuwepo mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 imeshayeyuka. Halafu Desemba ndiyo Wachaga wote wanarudi kwao Krismasi. Nauli inapanda, mabasi yanajaa, vyumba vya wageni havipatikani bila kuhangaika. Tutamaliza likizo barabarani na hatujakaa pamoja tukazungumza.

Hanang ni mlima mkubwa, una zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake, unauona toka mbali sana ukija na barabara. Mji wenyewe uko miguuni pake, mji mdogo, mtu anatembea kwa mguu sokoni na kurudi. Wabarabaig, wafugaji wa kule, bado wanakuja mnadani na ng'ombe wao, na kina mama wa kwao utawaona na ngozi zilizoshonwa shanga, kazi ya mkono ya kutazamwa taratibu. Upande wa pili wa mlima kuna Ziwa Balangida. Ni ziwa la chumvi, na kiangazi maji yakirudi nyuma ukingo unabaki mweupe, unakatika chini ya kiatu. Nataka wajukuu wakanyage pale.

Kuhusu Juni sitanii. Unakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, sehemu ya mlima yenye miamba laini ikanywa maji mpaka ikashindwa kujishikilia, ikameguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mjini Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Waliopoteza nyumba Serikali iliwajengea nyingine, na watu wanaendelea na maisha, wanauza, wanalima. Wengine wananiambia, mama, unawapelekaje watoto kule? Mimi naona wale ni jirani zetu, nyumba ya wageni na mama lishe wa Katesh wanahitaji wateja kama wa Moshi, pengine zaidi. Ila wakati wa mvua sipeleki mtoto wa mtu chini ya mlima ule. Juni ni kipupwe, ardhi imekauka, anga jeupe.

Ninyi njooni na treni ya SGR hadi hapa, mpumzike usiku mmoja. Kesho yake tunatoka mapema na gari la kukodi kupitia Kondoa. Ni lami mpaka Babati, kilomita kama 250. Tusimame Kolo, kijiji cha njiani penye michoro ya kale. Ile michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na watoto wa Dodoma wengi hawajaiona. Unachukua mwongozaji pale ofisini, unapanda kilima, unakuta watu na wanyama wamechorwa kwa rangi nyekundu, wembamba kama vijiti. Baba yako atasubiri kwenye gari. Babati tule samaki, halafu tukate kushoto, kilomita sabini na kitu, tumefika. Kurudi tupitie Singida, ninunue kuku na mafuta ya alizeti.

Kupanda kileleni ni wewe na mkeo mkitaka. Ni safari ya kutwa nzima, mnaondoka gizani, mnachukua kibali na mwongozaji, na maji mnabeba ya kutosha kwa sababu juu hakuna pa kuchota. Watoto wataishia msituni kwa chini na mwongozaji mwingine, kisha warudi kwangu. Usiku ni baridi ya kweli, mjukuu wa Dar haijui. Nitawatafutia majaketi kwenye mitumba ya soko la Sabasaba. Nitumie vipimo vyao, hasa huyu mdogo anayekua haraka.

Zungumza na mkeo mniambie kabla ya Pasaka, maana mwenye gari nimemwomba asubiri na watu wa harusi wameshaanza kumuulizia Juni.

Mama yako