Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: umoja wa wazazi wa darasa la awali

Ndugu wazazi na walezi wenzangu,

Mwalimu amebandika mlangoni orodha ya walioandikishwa mwaka huu, wavulana na wasichana, pamoja na umri wao. Tuisome kabla ya kuondoka. Mimi nitawasemea ambao hawamo.

Mwezi wa saba, baridi ya huku kwenye milima ya Uporoto, Mbeya, ikiwa imekaza, nilishinda darasani asubuhi nzima. Mkekani, kona ya nyuma, alikaa binti aliyevaa sweta la kaka yake, mikono imekunjwa mara tatu. Kila siku anamfuata kaka shuleni, lakini daftarini hayumo. Miaka mitano ameshatimiza. Mama yake alidhani bila cheti cha kuzaliwa hapokelewi. Tulipomweleza mwalimu mkuu, aliandikwa siku ileile. Na cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano hakilipiwi. Usajili wa kwenye ofisi za kata na vituo vya afya ulianza mkoani kwetu mwaka 2013, kwa hiyo tuwasajili wangali wa kliniki.

Wengine ni watoto wa vibarua wa mashamba ya viazi. Wanaandikwa Januari, kazi ikiisha wanahama na wazazi wao. Wengine wanaingia katikati ya mwaka, Kiswahili bado kigeni kwao. Mwalimu aliinua picha ya jembe, kijana mmoja akabaki kimya. Jirani yake akamnong'oneza Kisafwa sikioni. "Jembe!" alipaza sauti, darasa zima likapiga makofi. Nilifurahi mno.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sisi tumepita hapo, na ikifika saa nne mwalimu wetu sauti imeshamkauka. Barua ya kuomba mwalimu wa pili tumepeleka, ila inabebwa na daftari: mtoto asiyeandikwa hahesabiwi.

Ada iliondolewa tangu 2016, hivyo mchango wa uji usimfungie mtoto yeyote mlango. Aliyekwama aje kwangu au kwa mweka hazina, tutazungumza. Hesabu za uji atazisoma mweka hazina.

Kuanzia Oktoba, kamati itapita nyumba kwa nyumba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Ukiwa na mtoto atakayetimiza miaka mitano, au unamfahamu wa jirani, hata wa kibarua aliyefika jana, tutajie jina lake.

Mwenyekiti