Mtoto wa mpira alikufa, mtahiniwa akapita

Bwana Mhariri,

Gazeti lako la wiki iliyopita lilikuwa na picha ya wakunga na wauguzi vijana wameshika vyeti, meno nje. Chini yake mliandika kwamba wamefaulu mafunzo ya kuwahudumia watoto wanaozaliwa bila kupumua. Niliwafurahia sana, maana wawili kati yao walipita mikononi mwangu wakiwa bado kwenye staji. Lakini hamkusema wamefaulu kwa kipimo gani, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu nikitoka zamu ya usiku, macho mazito na chai bado haijachemka.

Mimi ni mkunga hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, mwaka wa 23 huu nikizalisha. Siku hizi naitwa pia kutahini. Nakaa kwenye kiti cha plastiki, karatasi mapajani, namtazama mwenzangu akihangaika na mtoto wa mpira. Kwa ambaye hajawahi kumwona, ni mwanasesere wa mazoezi, anaitwa NeoNatalie na hutengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway. Unamjaza maji, anakuwa mzito na mlegevu mkononi kama mtoto kweli. Ukimpulizia kwa baloni (mfuko wa kubana kwa mkono ili kusukuma hewa) na maski, kifua chake hakipandi mpaka kichwa kiwe kimelazwa sawa na maski iwe imeshika uso bila kuvujisha hewa. Yeye hadanganyiki. Sisi wenye karatasi ndio tunaodanganyika.

Niliyashuhudia haya katika mafunzo ambayo sitayataja. Karatasi ilikuwa na hatua 20. Kijana mmoja, mpole, nadhifu, alinawa mikono, akapanga vifaa, akamsalimu mama, akamkausha mtoto, akatupa kitambaa kilicholowa, akavika kofia, akatazama saa, akamweleza mama kinachoendelea kwa sauti ya mchungaji. Kila kitu alama. Kisha akachukua baloni. Kidevu cha mtoto kimeinama, hewa inatoroka pembeni mwa maski, tunaisikia pss, pss, kifua kimetulia tuli. Hakunyoosha kichwa, hakubana maski upya, hakutazama kifua, hakuita msaada. Hatua nne tu alikosa. Tukajumlisha, 16 juu ya 20, asilimia 80! Na kiwango cha kupita siku ile kilikuwa 50. Akapewa cheti, akapewa na soda. Mtoto wa mpira alikuwa amekufa tangu dakika ya kwanza, na mimi ndiye niliyetia sahihi.

Hiyo 50 ilitoka wapi? Nilipouliza niliangaliwa kama mtu anayeuliza kwa nini bukari, ugali wetu, huliwa kwa mkono. Ilitoka shuleni, basi. Sisi Wakongomani tumelelewa nayo. Mtoto akileta 50 nyumbani, baba anasema amepita, yamekwisha. Katika jiografia sina neno, kwani jina la mto ulilosahau leo utaliuliza kesho. Lakini kwetu hakuna kesho. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, karibu 85 huvuta pumzi wenyewe, na wengine 10 hivi huamka wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wanaobaki ndio wanaotegemea mkono wa kijana yule na baloni yake, na pumzi ya kwanza ya baloni inatakiwa iingie ndani ya dakika moja. Tunaiita Dakika ya Dhahabu.

Mbinu za kupanga kiwango zipo. Moja inaitwa kwa jina la Mmarekani William Angoff. Aliiandika mwaka 1971 katika kitabu cha upimaji, tena mbinu yenyewe aliiweka kwenye tanbihi. (Mambo makubwa mara nyingi hukaa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.) Watu wanaoijua kazi wanakaa pamoja na kumfikiria mkunga mmoja wa mpakani. Simaanishi mpaka wa Kasumbalesa, namaanisha yule anayefaa kwa shida, akipungua kidogo tu hafai tena. Kwa kila hatua wanajiuliza: wakunga kumi wa namna hiyo wakisimama mbele ya meza hii, wangapi wataifanya sawasawa? Kila mtu anaandika namba yake, wanabishana, wanaandika tena, wanatafuta wastani.

Tulijaribu Jumamosi moja chini ya mwembe, watu sita. Kwa kunawa mikono hatukuchelewa. Kwenye maski moto ukawaka. Munganga mmoja, yaani daktari, aliandika 9. Mama mmoja aliyezalisha tangu mimi niko shule ya msingi aliandika 4. Munganga akacheka, mama hakucheka. "Baba munganga," akasema, "wewe unawaona wanafunzi wako wa mjini, taa inawaka na wewe uko nyuma yao. Mimi namuona yule wa senta ya afya ya kando ya barabara, saa nane za usiku, peke yake, simu ameibana kwa meno ili imulike." Yule munganga akafuta 9 yake, akaandika 6.

Hapo ndipo nilipoona mtego, na ndiyo sababu kubwa ya barua hii. Maski ni hatua ngumu, kwa hiyo wote tuliipa namba ndogo. Namba ndogo zinashusha wastani, na wastani ndio kiwango cha kupita. Maana yake, hatua inayookoa uhai, kwa kuwa ni ngumu, inageuka kuwa hatua inayolegeza mtihani! Hesabu haina kosa, inajibu swali tuliloiuliza. Tuliuliza mkunga wa mpakani atafanya nini. Hatukuuliza mtoto anahitaji nini.

Kwa hiyo tukaichana karatasi ile vipande viwili. Upande mmoja tuliweka mambo ambayo ukikosa moja unaweza kufidia kwa jingine, kama vile kumsalimu mama, kupanga vifaa, kuandika saa ya kuzaliwa. Huko wastani wa mwembeni na utumike. Upande wa pili hakuna kufidiana: kichwa, maski, kifua kupanda, kuita msaada, na yote yaanze kabla dakika haijaisha. Ukikosa moja hujapita, hata kama umesalimu vizuri kuliko askofu.

Iko pia njia nyingine. Unawapa mtihani uleule wazoefu na wanaoanza, unachora alama za makundi yote mawili, na pale michoro inapokatana unaweka mstari wa kupita. Sisi tulianza na wazoefu. Bwana Mhariri, nacheka nikiandika: mimi, miaka 23, nilianguka. Nilikuwa naikandamiza maski kutoka juu kwa kiganja, kidevu kinazama, hewa inatoka. Sijui ni watoto wangapi niliwapulizia hivyo. Tangu siku ile sitaki kusikia kwamba uzoefu ni cheti. Na njia hiyo naitumia kwa tahadhari, maana wazoefu wakiwa wabovu kama mimi, mstari utachorwa chini.

Wapo watakaosema nikikaza hivi vituo vya vijijini vitabaki bila mtu. Nimelifikiria. Lakini nani amesema anayeanguka afukuzwe? Arudie, jioni ileile, kesho, hata mara tano. Kinachobadilika ni muda wa kila mmoja, kiwango kinabaki palepale. Kumrudisha kwa makosa anayejua kunatugharimu nusu saa na soda nyingine. Kumpitisha asiyejua kunamgharimu mama fulani ambaye bado hajashika hata mimba. Kijana wangu wa 16 juu ya 20 nilimwita tena baadaye, nikamwomba radhi kwa cheti nilichompa, tukakaa na mtoto wa mpira. Mara ya tatu kifua kilipanda, naye akatoa sauti kama mtu aliyefunga goli.

Wala cheti kisikae milele. Kule hospitali ya Haydom, Tanzania, mafunzo ya siku moja yaliwafanya watu wang'ae mbele ya mwanasesere, lakini chumbani, kwa watoto wenyewe, kazi haikubadilika. Ilibadilika walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Sisi tumemweka mtoto wa mpira kwenye meza karibu na mlango wa chumba cha kuzalishia. Anayeingia zamu anampulizia kwanza, mwenzake anatazama kifua. Ni dakika tatu hivi.

Mkichapa tena picha ya vyeti, nakuomba umtume mwandishi wako aulize mambo mawili: hatua zipi hazikuwa na fidia, na wangapi walirudia kabla ya kupita. Akiambiwa hakuna aliyerudia, aandike na hilo.

Mkunga wa Katuba,
Lubumbashi