Mwanangu, gemu halijaharibika, koini ndo zimezidi

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza, unasema DLS, lile gemu lako la mpira la kwenye simu (Dream League Soccer), imeboa siku hizi na unataka bando upakue gemu lingine. Bando nitatuma, hilo halina shida, ila kabla hujalifuta nisikilize kwanza maana mimi naona gemu halina kosa, kosa liko kwenye hiyo iliyochakachuliwa uliyorushiwa na wenzako, yenye koini zisizoisha.

Kumbuka ulivyoanza. Ulikuwa na katimu ka wachezaji hohehahe, wakipigiwa pasi mpira unawatoka, unapigwa tatu bila unanuna mpaka chakula hutaki, halafu siku unashinda moja bila dakika za mwisho mtaa mzima unajua. Ulidunduliza koini wee kwa ajili ya straika mmoja tu, kila mechi ikiisha unakuja kunionyesha zimefika ngapi, na ulivyompata ukamtoa beki ili tu yeye aingie, timu ikabaki wazi nyuma na hukujali hata kidogo. Nilikuwa nafurahi sana kukuona vile.

Sasa hivi unafungua tu koini zimejaa, unanunua mastaa wote kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa, uwanja umeshaupandisha mpaka mwisho. Ukishinda unashinda upate nini? Gemu linakupa koini ambazo tayari unazo tele. Zile koini zilikuwa zinakupa sababu ya kucheza mechi inayofuata, na sasa hiyo sababu haipo tena.

Na usidhani ni wewe peke yako, hata wakubwa yaliwakuta. Kuna gemu la kompyuta linaitwa Diablo III, lilitoka 2012, unapambana na mashetani na wakifa wanadondosha mapanga na mavazi ya vita, raha yake yote iko kwenye kutojua huyu atadondosha nini. Sasa Blizzard waliolitengeneza wakaweka mnada humohumo ndani, watu wakawa wanauziana vifaa, hata kwa hela halisi. Ikawa badala ya kuhangaika na mashetani mtu anaenda mnadani ananunua panga kali kuliko lolote ambalo angeliokota mwenyewe, basi kinachodondoka chini hakina maana tena. Mwishowe Blizzard wenyewe wakasema mnada unaua kiini cha gemu lao, wakaufunga Machi 2014. Fikiria, kampuni inafunga kitu kinachoiingizia hela kwa sababu kinaua mchezo! Hapo niliwaheshimu.

Simaanishi gemu liwe bahili, maana hilo nalo ni baya. Mwaka 2017 gemu la Star Wars Battlefront II lilikuwa linatoka, watu wakapiga hesabu wakaona kumfungua shujaa mmoja tu, Darth Vader, ni kama saa 40 za kucheza, kelele zikawa nyingi mpaka EA, kampuni yenye gemu hilo, wakashusha bei za mashujaa kwa asilimia 75. Jasho liwepo, ila mtoto wa shule aweze kufika.

Halafu lile swali lako la pili, kwamba ukipata A ya hesabu nakupa shilingi ngapi. Baba, hapo sitataja bei na nitakwambia kwa nini. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Lepper na wenzake wawili walitoa utafiti walioufanya Marekani kwa watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa maka peni. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora, wengine wakapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, wengine hawakupewa kitu. Baadaye walipoachwa wachore wakitaka, wale walioahidiwa walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa mapenzi yao hayakupungua.

Wewe hesabu unaipenda, nakuona unavyofanya hata maswali ambayo mwalimu hajatoa. Sitaki nikaiweke bei halafu siku nimekosa hela na wewe ukaiacha. Zawadi utapata, ila sisemi lini wala ya nini, na ukimuuliza mama yako yeye pia hajui.

Futa hiyo ya kuchakachua, pakua ile ya kawaida, anza na katimu kale kabovu. Matokeo ya mechi ya kwanza nitumie hata kama umepigwa tano.

Baba yako