Filamu za Spider-Man hazipangwi kwa kuhesabu dola

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani umepanga filamu 10 za Spider-Man, kuanzia ile ya 2002 hadi Across the Spider-Verse ya 2023, kwa kufuata mapato ya dunia nzima. Kwa hesabu hiyo No Way Home imekaa kileleni na dola zaidi ya bilioni 1.9, Spider-Man 3 imeshika nafasi ya tatu, na zile mbili za katuni zimeburura mkia. Sasa tazameni jambo moja. Filamu hizi 10 zimewahi kupata tuzo za Oscar mbili tu: moja ilikwenda kwa Spider-Man 2 na nyingine kwa Into the Spider-Verse. Kwenye orodha yenu hizo ni ya sita na ya mwisho kabisa.

Hata kama mmeamua kwenda na fedha, hesabu yenyewe ina tundu. Spider-Man ya 2002 iliingiza Marekani na Kanada kiasi cha dola milioni 403, wakati wastani wa tiketi ulikuwa dola 5.81. Far From Home ya 2019 iliingiza huko huko dola milioni 390, tiketi ikiwa imefika dola 9.16. Gawanyeni: ya kwanza iliuza tiketi kama milioni 69, ya pili kama milioni 43. Tena No Way Home haikuonyeshwa China, ambako Far From Home ilivuna karibu dola milioni 200. Mnalinganisha soko na soko, mwaka na mwaka. Filamu yenyewe haimo kwenye mzani.

Kabla ya kupanga upya, lazima msomaji ajue ni toleo gani linapimwa, kwa sababu matoleo yako mengi mitaani. Spider-Man 2 ya sinema ina dakika 127. Ile iitwayo 2.1, iliyotoka 2007, imeongezwa dakika 8, na baadhi ya hizo ni utani uliokatwa kwa sababu nzuri, kama Jameson, bosi wa gazeti, kuvaa nguo za Spider-Man na kurukaruka ofisini. No Way Home nayo ina toleo la 2022 lenye dakika 11 za ziada. Mimi napima yale ya sinema.

Ya kwanza ni Spider-Man 2 (2004), na naiweka juu kwa sababu kila shida ya steringi, Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, inazaa nyingine. Peter anachelewa kupeleka piza ndani ya dakika 29, anafukuzwa kazi. Hana kazi, kodi ya chumba inamlalia. Shangazi May naye benki inatishia kuchukua nyumba yake. Adui hajaingia bado na tayari mtu umebanwa kifua. Akiingia, anaingia kwa uzito. Mikono minne ya Doctor Octopus ilitengenezwa kweli, na katika picha nyingi za karibu ilichezeshwa na watu kama vikaragosi, wanne kwa kila mkono, wakifanya mazoezi pamoja na Alfred Molina, mwigizaji wa adui huyo. Kompyuta ilibeba pale mikono inapopanda ukuta au kumnyanyua mtu. Ndiyo maana mkono ukimsogelea usoni, macho ya Molina yanatazama kitu kilichopo kweli. Waongozaji wengi wa sasa wanampa mwigizaji mpira wa tenisi uliochomekwa kwenye fimbo, halafu tunashangaa kwa nini anatazama hewani.

Ya pili ni Into the Spider-Verse (2018), na hapa ndipo watu wengi wanapoihukumu bila kuiona sawasawa. Filamu ya kawaida ina picha 24 kwa sekunde. Humu Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, kwa sehemu kubwa ya mwanzo, amechorwa kwa picha 12, kila picha ikikaa mara mbili. Wakiruka msituni yeye na Peter B. Parker, Spider-Man mzoefu anayemfundisha, Peter yuko kwenye 24 na Miles yuko kwenye 12: mmoja anateleza, mwingine anadundadunda, na mtazamaji anajua nani mwanafunzi kabla hajaambiwa. Akishajiamini, mwendo wake unakuwa laini. Rangi nazo zimeachwa zipishane kidogo pembeni, kama gazeti la zamani lililochapwa sahani zikiwa hazijakaa sawa, na kivuli kinajazwa kwa vinukta. Wengi hudhani ni nakala ya 3D iliyokosa miwani, au diski mbovu.

Ubovu wa kweli huwa kwenye TV. Runinga nyingi mpya zinatoka dukani zikiwa zimewashwa mtambo wa kulainisha mwendo, ambao hubuni picha za uongo na kuzichomeka katikati ya zile za kweli. Kwenye LG huitwa TruMotion, kwenye Sony Motionflow, na Samsung wengi wanaujua kwa jina la Auto Motion Plus. Shika rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, uzime. Usipouzima, picha 12 za Miles zinageuzwa uji, na kazi ya waliomchora inapotea. Nakala iliyobanwa hadi megabaiti 300 ili itoshe kwenye simu nayo inafuta vinukta vyote, inabaki madoa.

Ya tatu ni Across the Spider-Verse. Kwa uchoraji inaizidi iliyotangulia, ila dakika 140 zinaisha hadithi ikiwa nusu, na nusu haiwezi kushika nafasi ya kwanza. Ya nne ni ile ya 2002: imezeeka kwenye mavazi ya Green Goblin, lakini hadithi yake ya asili bado haijapata mpinzani. Ya tano Homecoming, hasa kwa ile safari ya gari kwenda kwenye dansi: Michael Keaton, anayemwigiza adui, anatazama kioo, anajumlisha moja na moja kwamba kijana aliyempakia ndiye Spider-Man, na taa ya barabarani inageuka kijani usoni mwake. Hakuna ngumi hata moja, na ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote.

No Way Home ni ya sita, na najua nitapigiwa kelele. Maadui wake watano wametoka filamu tano tofauti, kila moja imetoa mmoja: Goblin wa 2002, Octopus wa 2004, Sandman wa 2007, Lizard wa 2012, Electro wa 2014. Asiyeziona hizo tano anaona watu watano wanaogombana kwa sababu zisizoeleweka. Shangwe za ukumbini zilikuwa za haki, lakini zililipwa na filamu nyingine. Zinafuata Far From Home na The Amazing Spider-Man.

Spider-Man 3, hiyo ya tatu kwenu, kwangu ni ya tisa. Ina maadui watatu ndani ya dakika 139, na hakuna aliyepata muda wa kutosha. Ute mweusi unaanguka kutoka angani na kutua, kati ya dunia nzima, hatua chache kutoka pikipiki ya Peter. Mtumishi wa nyumba ya kina Osborn anajua ukweli kuhusu kifo cha bosi wake tangu filamu ya kwanza na anausema mwisho mwisho, hati inapomhitaji. Mwongozaji wake, Sam Raimi, mwenyewe amekiri hadharani kwamba hakuwaamini wahusika wote. Kinachoiokoa isiwe ya mwisho ni kuzaliwa kwa Sandman: chembe za mchanga zinajikusanya, zinabomoka, zinajaribu tena, bila neno hata moja. Ya 10 ni The Amazing Spider-Man 2, iliyotumia muda wake kutangaza filamu za mbele ambazo hazikutengenezwa. Rhino aliyejaa kwenye mabango yake anaonekana mwanzoni na mwishoni tu.

Neno juu ya nakala zilizotafsiriwa, maana ndizo zinazouzwa zaidi na ndizo zinazoonyeshwa kwenye vibanda umiza. Kwa filamu ya ngumi tupu, mtafsiri hodari anaongeza ladha. Lakini ile sehemu ya hospitali kwenye Spider-Man 2, mikono ikiamka wakati madaktari wanataka kuikata, iliachwa bila muziki: kuna mlio wa msumeno, chuma kugonga chuma, na kucha za mwanamke zikikwaruza sakafu akiburutwa. Mtafsiri akijaza maneno juu yake, aliyeitazama amekosa kilichotengenezwa. Kwa hiyo mkirudia orodha, andikeni pembeni ya kila filamu dakika zake, toleo lake, na kama mwandishi wenu aliiona kwa sauti yake ya asili.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam