Watoto waambiwe nani aliyesanifu Jumba la Makumbusho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Juma lililopita niliwapeleka wajukuu wangu kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kitante, Kampala, nikamsikia mwalimu mmoja akiwaambia wanafunzi wake kwamba nyumba ile ni kazi ya Waingereza. Mimi niliyekula kwa uashi miaka yote nilitaka kumsahihisha, lakini nikaona haya kumkatiza mbele ya watoto.

Aliyeisanifu ni Ernst May, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1886. Kuanzia 1925 hadi 1930 alisimamia ujenzi wa mji huo, na katika muda huo mfupi zikasimama maelfu ya nyumba za wafanyakazi zenye mwanga, hewa na majiko yaliyopangwa tayari. Kisha akaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda, na alipotaka kuondoka huko, Wanazi walikuwa wameshashika Ujerumani, kwao hakurudiki tena. Ndipo akaja Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha, baadaye akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipozuka, Waingereza wakamweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, yeye ambaye Wajerumani wenzake walimfungia mlango!

Jumba lenyewe lilikamilika mwaka 1954, na fundi yeyote akiingia ataona kazi ya mtu aliyelijua jua letu. Siku ile nje palikuwa panachoma, lakini ndani, penye ngoma na amadinda, ile marimba ya mbao ya Waganda, mwanga ulishuka kwa utulivu kutoka madirisha ya juu, na jasho langu likakauka bila feni.

Hata hivyo, simsifu kwa kila jambo. Huyo huyo ndiye aliyechora mpango wa kupanua Kampala, uliotolewa mwaka 1947, ambao uliweka Wazungu na Wahindi Kololo na Waafrika Naguru, kana kwamba hewa safi aliyowatafutia wafanyakazi wa Frankfurt ilipaswa hapa kugawanywa kwa rangi. Mpango haukutekelezwa wote, lakini mgawanyo huo tuliuishi. Marehemu baba yangu alishuka Naguru kila alfajiri, panga mkononi, akapande Kololo kufyeka bustani za watu, na jioni akarudi kwa miguu.

Mwaka 2011, jumba lilipokuwa hatarini kubomolewa ili pajengwe jengo la biashara lenye ghorofa 60, wapo waliokwenda mahakamani kulitetea. Ombi langu ni dogo kuliko lao: wanaowatembeza wageni walitaje jina la May, na ile ramani yake ya Kololo na Naguru itundikwe ukutani, mahali ambapo mtoto wa darasa la nne anaweza kuisoma bila kunyanyuliwa.

Mwashi mstaafu,
Naguru, Kampala