Unataka bwawa la mwatiko Pwani? Usilipe kiwanja kabla hujaona bamvua na maji mafu

Toka ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue ile miezi 3 ya mwaka 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, watu wanaotaka kufuga samaki wamekuwa wengi sana hapa ofisini kwetu Kigoma, na wengi wao tunawachimbia mabwawa ya sato na kambale hukohuko kwao Kasulu au Buhigwe. Ila kuna kundi lingine limeongezeka siku hizi, watu wa hapahapa Mwanga na Ujiji wenye ndugu Bagamoyo, Mkuranga, Kilwa au Tanga, ndugu anapiga simu anasema huku kuna eneo karibu na bahari linauzwa bei nzuri tuma hela tuweke mwatiko, yule samaki wa baharini, basi mteja anakuja na picha kwenye WhatsApp anatuuliza, hapa panafaa?

Jamani, picha haitoshi. Tunawaambia kila siku na leo tunaandika kabisa ili mtu asome kabla hajatuma hela.

Sisi wa huku tumezoea ziwa, na Tanganyika haina kupwa na kujaa kama bahari. Ukichimba bwawa bondeni huku unawaza mto au chemchemi na mteremko basi. Pwani mambo ni mengine, bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tena haijai sawasawa siku zote. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inaweza kupita mita 3 kwenye sehemu nyingi za pwani yetu. Wiki moja baadaye hivi yanakuja maji mafu, hapo maji yanacheza kidogo tu, karibu mita 1. Sasa bwawa la maji chumvi linaishi kwa hiyo tofauti, maji yakijaa unafungua geti yanaingia bure, yakipwa unafungua unayatoa bure. Hiyo ndo faida yote ya kwenda Pwani, ukiikosa bora ubaki huku ufuge sato.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni kimo cha ardhi. Eneo likiwa juu mno maji yanafika siku za bamvua tu, zile siku za maji mafu bwawa linakaa hivohivo bila kubadilishwa maji, jua linachoma, maji yanapungua chumvi inabaki, na kumbuka watu wa Pwani wanatengeneza chumvi kwa njia hiyohiyo. Utanunua pampu, utanunua dizeli kila wiki, hesabu inakufa. Likiwa chini mno nako shida, maji yanaingia vizuri lakini hayatoki, huwezi kulikausha bwawa ukavuna au ukaua samaki wanaokula wenzao waliojiingiza, na tuta lako lazima liwe refu na nene kuzuia bamvua, hilo udongo wake tu ni gharama ya kutisha. Unatafuta pale katikati, ambapo maji ya kujaa ya kawaida yanafika na ya kupwa yanakauka kabisa.

Utajuaje? Ndugu yako aliyeko huko achomeke mti eneo lenyewe, aupige alama kila baada ya sentimita 10, aende siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa apige picha, arudi siku ya maji mafu muda wa kujaa apige tena. Halafu aangalie mstari wa takataka, yale majani makavu ya mikoko na maganda yanayobaki juu, hapo ndo maji yalipofika mwisho. Na awaulize wavuvi wa hapo wazee, hao wanajua bamvua la mwezi wa 3 na wa 4 linafika wapi kuliko mtu yeyote anayeuza kiwanja. Tunasisitiza hili sababu muuzaji anakupeleka siku ya bamvua, unaona maji yamejaa pazuri unafurahi, wiki ijayo pale ni vumbi.

Jambo la pili ni udongo, na hapa wengi wanaumia. Ufinyanzi unatakiwa ili maji yasivuje, hilo kila mtu anajua, chukua udongo mbichi ufinyange tonge, urushe juu udake, ukivunjikavunjika una mchanga mwingi. Ila udongo uliokuwa wa mikoko una kitu kingine ndani. Chimba shimo linalofika kiunoni, utakuta tope la kijivu lina mizizi iliyooza na harufu ya yai viza. Likiwa chini ya maji halina neno. Ukilichimba ukalijengea tuta likapigwa na hewa, baada ya wiki kadhaa linaanza kutoa madoa ya njano kama manjano ya jikoni, hiyo ni asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi, inaweza kushuka chini ya 4 (ikishuka asidi ndo imezidi). Mvua ya kwanza ikinyesha inaosha tuta asidi yote inaingia bwawani, samaki wanaelea asubuhi moja. Kutibu kunawezekana, unakausha unajaza unamwaga, unarudia, unaweka chokaa, lakini ni muda na hela. Sisi tunashauri chukua tope kidogo weka kwenye mfuko wazi kivulini, pima pH siku ya kwanza, pima tena baada ya wiki tatu nne, ikiporomoka achana na hilo eneo.

Kuhusu chumvi yenyewe mwatiko hana makuu, bahari ina karibu gramu 35 za chumvi kwa lita na yeye anaishi humo, anaishi maji baridi, anaishi hata maji makali kuliko bahari. Kamba milia ndo wanachagua, wanapenda gramu 15 mpaka 25 hivi. Kwa hiyo mdomo wa mto ni pazuri, ila pima kiangazi na pima masika, sababu mto ukifurika chumvi inapotea kwa siku moja na tuta linaweza kwenda nayo, Rufiji mwezi wa 4 mwaka 2024 watu waliona mafuriko yalivyofanya mashamba.

Na wale wanaotuuliza kwa nini tusifuge mwatiko Uvinza wakati kuna maji ya chumvi, swali zuri kabisa na tunalipata sana. Maji ya visima vya Uvinza ni makali mno, ndo maana yanatoa chumvi, na hata ukiyachanganya huna kupwa na kujaa na huna vifaranga. Mwatiko anazaa baharini, vifaranga vingi wanavikusanya kwa nyavu kwenye madimbwi na vijito vya huko maji yakipwa. Kabla ya kununua eneo uliza pia vifaranga vinapatikana umbali gani, na miezi gani.

Mikoko usikate. Ni msitu wa hifadhi, chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, bahari na ziwa pia, kwa hiyo NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, na afisa uvuvi wa halmashauri waulizwe kabla ya mkataba, siyo baada. Mradi mkubwa wa kamba uliopangwa delta ya Rufiji miaka ya 1990 wananchi waliupinga mpaka mahakamani. Tafuta jangwa la chumvi lililo nyuma ya mikoko au mashamba ya chumvi yaliyoachwa, matuta tayari yapo, na mikoko ya mbele inakukingia mawimbi.

Ukitaka tukusaidie kuchambua, tuletee zile picha mbili za mti wenye alama, bamvua na maji mafu, tarehe na saa ziandikwe, vipimo vya pH vya siku ya kwanza na ya mwisho, na jina la kijiji. Tukiona panaelekea ndo tunapanga safari ya kwenda kupima wenyewe, na tukiona hapafai tutakwambia hapohapo na hatukutozi.