Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: oksijeni nayo ina kipimo

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima, ila subira imeniishia.

Wiki iliyopita mama yangu alilazwa tena. Mapafu yake yamechakaa kwa moshi wa kuni, maana alitulea kwa kupika na kuuza chakula. Alifika akihema, midomo imegeuka rangi. Akavishwa barakoa, mtungi ukafunguliwa hadi mwisho. Rangi ikarudi, tukamshukuru Mungu. Kufika usiku akawa anasinzia katikati ya maneno, vidole vinatetemeka, tukimwita haitiki. Tukaambiwa, "Mwacheni apumzike, amechoka."

Hakuwa amechoka, Mheshimiwa. Muuguzi wa zamu alipombana kidoleni kipimo cha oksijeni iliyomo kwenye damu, kilisoma asilimia 99. Kipimo hicho amekinunua kwa mshahara wake. Akatoa barakoa, akaweka mirija ya puani, akashusha hadi lita 1 kwa dakika. Asubuhi mama akaomba uji.

Kwa mgonjwa wa namna hii oksijeni ikizidi, damu nyingi huelekea sehemu za mapafu zisizopitisha hewa vizuri, hewa ukaa inashindwa kutoka na kumlevya kwa usingizi, na wengine hupumua kwa unyonge zaidi. Ndiyo maana miongozo inataka kipimo cha kidoleni kwake kisome asilimia 88 hadi 92. Utafiti wa Tasmania, Australia, uliochapishwa 2010, ulionyesha kuwa waliopewa oksijeni kwa kipimo tangu kwenye gari la wagonjwa walikufa wachache kuliko waliofunguliwa nyingi. Sisemi wagonjwa wanyimwe. Kuikosa kunaua, tena upesi. Nasema ipimwe.

Siku ya kupokea mitungi mipya ulisimama mbele yetu ukaahidi kila wodi itapata kipimo cha kidoleni. Nilikuwepo, nilipiga makofi. Mitungi tumeiona. Vipimo viko wapi? Labda vimekwama stoo, labda fedha zilipelekwa kwingine. Hakuna anayetuambia.

Mama hajapona, na ataendelea kubanwa kifua. Safari ijayo huenda muuguzi yule asiwe zamu. Nani atajua kwamba usingizi ule si wa kupumzika?

Naomba kipimo wodini, Mheshimiwa. Na namba zile, 88 hadi 92, ziandikwe juu ya faili la kila mgonjwa wa aina hii. Ikishindikana yote, basi kipimo. Kimoja tu, kiwe mali ya wodi, kabla mama hajarudi pale.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mgonjwa